Ballarat, Bendigo au Ararat: uende mji upi wa dhahabu ukiitafuta hadithi ya wahamiaji?

Kila Desemba, ndugu na jamaa wanapoanza kuingia Melbourne, simu yangu hupokea swali lile lile: "Dada, tuna siku moja tu ya kutoka nje ya jiji. Twende Ballarat au Bendigo?" Wachache huongeza la tatu, Ararat, kwa kuwa wameona jina hilo kwenye kibao cha treni. Huwa siwajibu kabla ya kuwauliza wao wanataka kuona nini. Miji yote mitatu ilizaliwa na dhahabu ileile, katika jimbo lile lile la Victoria, Australia, na ndani ya miaka sita tu. Walioijenga walitoka mbali kama sisi. Lakini kila mji unamsimulia mhamiaji kwa namna yake, na ukikosea kuchagua utarudi na picha nzuri huku hadithi uliyoifuata ukiwa umeiacha nyuma.

Kwanza, mwaka 1855

Victoria ilitengwa kuwa koloni lake lenyewe tarehe 1 Julai 1851, na kabla mwaka haujaisha dhahabu ilikuwa imeonekana Ballarat na Bendigo. Wachimbaji wa Geita au Chunya wangeiita rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya kwa wingi, na wasingeshangazwa na lolote: mahema yaliyobanana, mashimo kila hatua, bei ya unga kupaa, na mtu wa serikali anayepita kudai leseni. Mwaka 1851 koloni lilikuwa na watu wapatao 77,000. Miaka kumi baadaye walikuwa takriban 540,000. Walitoka Uingereza, Ireland, Ujerumani, Italia, Marekani, na kutoka Guangdong kusini mwa China. Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe, yaani Wadawurrung upande wa Ballarat, Dja Dja Wurrung upande wa Bendigo na Djab Wurrung upande wa Ararat. Hakuna aliyewaomba ruhusa.

Mwaka ninaowaomba wageni wangu waukumbuke ni 1855. Baada ya wachimbaji wa Ballarat kupigana na askari, serikali iliunda tume ya kuchunguza machimbo. Matunda yake yakawa mawili. Leseni ya kila mwezi iliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na hati ya mchimbaji ya pauni 1 kwa mwaka, iliyompa mwenye nayo haki ya kupiga kura. Mwaka huohuo ikaja sheria ya kuwazuia Wachina: kodi ya kichwa ya pauni 10 kwa kila Mchina anayeteremka bandarini, na meli kuruhusiwa kubeba Mchina mmoja tu kwa kila tani 10 za ukubwa wake. Mkono mmoja ulifungua mlango kwa mhamiaji wa aina moja, ukaufunga kwa mwingine. Mimi niliyelelewa na bibi aliyeisimulia kodi ya kichwa ya wakoloni kana kwamba ilidaiwa jana, maneno hayo yalinisimamisha mbele ya kioo cha makumbusho kwa muda mrefu.

Miji hii mitatu ni vipande vitatu vya mwaka huo. Ballarat ni ya waliofunguliwa mlango. Ararat ni ya waliofungiwa wakapita porini. Bendigo ni ya waliobaki.

Vigezo nilivyotumia

Nimeitazama kwa mambo manne: hadithi ya watu na namna unavyokutana nayo, mgodi wenyewe, yaani kushuka chini na kuigusa kazi, safari, muda na mfuko, na namna mji unavyowapokea watoto na wazee. La kwanza nimelipa uzito mkubwa, kwa sababu mashimo ya dhahabu hata nyumbani yapo.

Hadithi ya watu

*Ballarat.* Hapa mhamiaji ni mtu aliyekataa kuonewa. Leseni, iliyoanza kwa shilingi 30 kwa mwezi, ilidaiwa upate dhahabu usipate, na askari walifanya misako wakamkamata asiyekuwa nayo mfukoni. Mwishoni mwa Novemba 1854 wachimbaji walikusanyika Bakery Hill chini ya bendera ya buluu yenye nyota za Msalaba wa Kusini, wakaapa kusimama pamoja, kisha wakajenga boma la magogo mahali panapoitwa Eureka. Kiongozi wao alikuwa Peter Lalor kutoka Ireland, na miongoni mwao alikuwamo Raffaello Carboni, Mwitaliano. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, askari walivamia. Wachimbaji wasiopungua 22 walikufa, na askari kadhaa pia. Lalor alipoteza mkono, na kabla ya mwaka kupita alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria.

Watu 13 walishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Wa kwanza kusimamishwa kizimbani, Februari 1855, alikuwa John Joseph, Mmarekani mweusi. Mweusi mwingine kati ya wale 13 alikuwa James McFie Campbell kutoka Kingston, Jamaika. Juri lilimwona Joseph hana hatia, na umati uliokuwa nje ukamketisha kitini ukamzungusha juujuu katika mitaa ya Melbourne. Wengine wote nao wakaachiwa mmoja baada ya mwingine. Wageni wangu wengi hawajawahi kusikia kwamba kulikuwa na watu weusi Eureka, na kila nikiwasimulia naona wanavyobadilika uso.

Bendera yenyewe unaiona Eureka Centre, jengo lililo katika eneo la mapambano. Ni kubwa, imefifia, na imepungua kwa sababu kwa miaka mingi watu walikata vipande vyake wakaondoka navyo kama kumbukumbu. Iko ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Kaa hapo hata dakika kumi.

Wachina nao wapo Ballarat. Ndani ya Sovereign Hill, mji wa maonyesho uliofunguliwa mwaka 1970 kuigiza maisha ya miaka ya 1850, kuna kambi yao iliyojengwa upya, na kwenye makaburi ya zamani ya mji kuna sehemu yao. Lakini anayeiongoza hadithi ya Ballarat ni mchimbaji wa Eureka, na Mchina yuko pembeni yake. Kama unamtafuta yeye hasa, endelea mbele.

*Bendigo.* Wachina waliuita mji huu Dai Gum San, Mlima Mkubwa wa Dhahabu. Huku pia kulikuwa na mgogoro wa leseni, tena mapema zaidi: mwaka 1853 wachimbaji walijifunga utepe mwekundu kuonyesha kwamba hawako tayari kulipa. Ila mgeni haji Bendigo kwa ajili ya huo. Anakuja kwa sababu jamii ya Wachina haikuondoka hata dhahabu ya juu juu ilipokwisha, na alama zao zingali zinatumika mpaka leo.

Mwaka 1871 mji ulianzisha tamasha la Pasaka kuchangia hospitali na nyumba ya kulea wasiojiweza. Katika muongo huohuo Wachina waliingia kwenye maandamano hayo na hariri zao, ngoma zao na mabango yao, wakichangia hospitali ya mji katika koloni ambalo kabla ya hapo lilikuwa limewatoza kodi na kuwatengea kambi. Wamekuwa humo tangu hapo. Makumbusho ya Golden Dragon, yaliyofunguliwa mwaka 1991, yanawahifadhi majoka wa kutengenezwa waliotembezwa barabarani katika maandamano hayo: Loong, mzee aliyeshiriki sherehe za mwaka 1901 Australia ilipokuwa taifa moja, Sun Loong aliyeanza mwaka 1970 akastaafu mwaka 2019, na Dai Gum Loong aliyempokea, mwenye urefu wa kama mita 125. Unatembea kando ya mwili wa joka mpaka unasahau ulianzia wapi. Kumbuka pia kwamba mwaka huohuo wa 1901 ndio uliopitishwa ile sheria ya kuzuia wahamiaji wasio weupe, na mabaki ya siasa hiyo hayakufutwa hadi mwaka 1973. Loong alizaliwa mlango ukifungwa, na watu wake wakaendelea kumtoa nje kila Pasaka.

Upande wa kaskazini mwa mji, Emu Point, kuna hekalu dogo la Wachina la karne ya 19, limepakwa rangi nyekundu na bado watu huenda kusali. Ukiingia, vua kofia na ushushe sauti. Ukiwa na gari, pita pia makaburi ya White Hills uone mawe yaliyoandikwa Kichina na tanuri la kuchomea sadaka za wafu. Wengi waliolala pale walikuwa na nia ya kurudi kwao.

*Ararat.* Huu ni mdogo kuliko wote, na hadithi yake ni moja. Wenye meli walipoona kodi ya pauni 10 imewekwa Melbourne, waliwateremsha abiria wao Robe, kijiji cha bandari katika koloni jirani la South Australia ambako kodi hiyo haikuwapo mpaka mwaka 1857. Zaidi ya Wachina 16,000 waliteremka pale. Kutoka Robe walitembea kwa miguu, mizigo ikining'inia kwenye mti mabegani, zaidi ya kilomita 300 kuelekea machimboni. Mwaka 1857 kundi moja la watu wapatao 700 lilipumzika njiani kuchota maji, likakuta dhahabu. Mkondo huo wa dhahabu uliitwa Canton Lead, na kutokana nao Ararat ilikua. Ndio mji wa Australia unaotambulika kuwa ulianzishwa na Wachina.

Kituo cha Gum San, kilichofunguliwa mwaka 2001, kimejengwa kwa mtindo wa kusini mwa China na kinasimulia safari hiyo tangu vijijini Guangdong. Ni kidogo, na saa moja na nusu inakutosha. Lakini Mkongomani aliyewahi kutembea kutoka Fizi kwenda kuvuka ziwa, au Mrundi aliyefika Kigoma na mkeka kichwani, hatahitaji saa nyingi kukielewa. Niliwahi kumpeleka mama mmoja wa Uvira pale. Alisimama mbele ya picha ya mtu mwenye mti begani na vikapu viwili, akasema tu, "Huyu amechoka."

Mgodi wenyewe

Tofauti hapa ni kubwa. Ballarat, ndani ya Sovereign Hill, unapewa karai, unachota mchanga wa kijito, unauzungusha na maji mpaka punje za njano zibaki chini, na ukizipata ni zako. Kuna ziara za chini ya ardhi pia. Mojawapo inasimulia kupatikana kwa Welcome Nugget mwaka 1858, bonge la dhahabu la kilo 69 hivi lililotolewa na wachimbaji kutoka Cornwall, Uingereza. Yote yametengenezwa kwa ajili ya wageni, na yametengenezwa vizuri.

Bendigo ni mgodi wa kweli. Central Deborah ulifanya kazi kuanzia mwaka 1939 hadi 1954, ukafika kina cha mita 411 na kutoa karibu tani nzima ya dhahabu. Ziara ya kawaida inakushusha mita 61. Ipo ya mita 85, na ipo ya mita 228 kwa mwenye ujasiri na magoti mazima. Unavaa kofia ngumu yenye taa, unaingia kwenye kizimba cha kushushia watu, na giza linakuwa giza. Dhahabu ya huku imo ndani ya mwamba, kama mbale za kwetu, yale mawe yenye dhahabu yanayopelekwa karashani kusagwa, kwa hiyo ilibidi wavunje jiwe chini kabisa, na vumbi lake liliua wachimbaji wengi kwa mapafu. Waongozaji wanalieleza hilo bila kuficha. Aliyewahi kushuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, Mwanza au Geita atakuwa na maswali mengi, na watayajibu.

Ararat hakuna mgodi wa kushuka. Ukihitaji cha pili cha kutazama, lipo gereza la zamani la J Ward lililoanza kujengwa mwaka 1859 na baadaye likawafungia wahalifu wenye maradhi ya akili. Ni mahali pazito, na sipashauri kwa watoto.

Safari, muda na mfuko

Treni za miji yote mitatu zinaanzia kituo cha Southern Cross, Melbourne, chenye jina la zile zile nyota za bendera ya Eureka. Ballarat ni kama saa moja na robo hadi moja na nusu, na treni ni nyingi. Bendigo ni kama saa mbili. Ararat ni zaidi ya saa mbili, kwa njia ya Ballarat, na treni ni chache, kwa hiyo angalia ya kurudi kabla hujapanda ya kwenda. Tangu Machi 2023, nauli ya siku ya treni za mikoani Victoria haizidi kiwango cha juu cha siku cha usafiri wa ndani ya Melbourne, jambo lililotuokoa sana wenye familia kubwa.

Panapomaliza pesa ni viingilio. Sovereign Hill ndiyo ghali kuliko zote, na inakula siku nzima. Ukitaka kuiweka pamoja na Eureka Centre kwa siku moja, anza asubuhi na mapema. Mwenye bajeti ndogo anaweza kuiacha kabisa: akaone bendera, akatembee Lydiard Street yenye majengo yaliyojengwa kwa fedha za dhahabu, akaingie jumba la sanaa la mji ambalo mkusanyiko wake wa kudumu hautozwi, na bado akawa ameiona Ballarat. Bendigo unalipia vitu kimoja kimoja, mgodi, makumbusho, tramu (gari la reli la mitaani), hivyo unachagua kulingana na mfuko. Ararat ndiyo nafuu.

Nina ombi moja. Angalia siku za kufungua kwenye tovuti zao kabla ya kukata tiketi. Nimewahi kusimama na wageni saba mbele ya mlango uliofungwa, na mmoja wao alikuwa anaruka kurudi Dar kesho yake.

Watoto, wazee, na baridi

Watoto wa miaka 5 hadi 12 wanaifurahia Ballarat kupita kiasi: farasi, peremende zinazopikwa mbele yao, dhahabu ikiyeyushwa na kumiminwa, maji ya kuchezea. Wazee wenye magoti mabovu watapata taabu, kwa kuwa Sovereign Hill iko mlimani na njia zake ni za changarawe. Isitoshe, Ballarat ni baridi kweli. Kuanzia Juni hadi Agosti, mgeni aliyetoka Tanga na sweta moja atakaa mkahawani siku nzima.

Bendigo ni tambarare, na ile tramu ya zamani yenye maelezo inapita mgodini, kwenye makumbusho ya majoka na karibu na hekalu, kwa hiyo bibi anaweza kuuzunguka mji akiwa amekaa. Shida yake ni joto la Januari, ambalo hupita digrii 35 mara kwa mara. Ararat haina mengi kwa watoto wadogo, ila bustani ya Gum San ni tulivu kwa mzee anayetaka kupumzika.

Kwa hali yako

Una siku moja, watoto wadogo, na mfuko unaruhusu: Ballarat. Ila uwatoe Sovereign Hill mapema uwapeleke Eureka, uwasimulie habari za John Joseph.

Una mzazi aliyekuja kukutembelea na asiyeweza kutembea sana: Bendigo, kwa tramu, na msimu uwe Aprili, Mei au Septemba.

Mgeni wako ni mchimbaji, mhandisi, au mtu wa Geita: Bendigo, na umlipie ile ziara ya chini zaidi anayoiweza.

Unafundisha uraia au historia, au una kijana wa sekondari anayeuliza haki hutoka wapi: Ballarat kwanza, kisha, siku nyingine, Ararat, ili aione na ile sheria ya pili ya 1855, iliyowazuia Wachina.

Unaishi Shepparton pamoja na jamii yetu ya Wakongomani: Bendigo ndiyo jirani yako, kama kilomita 120 kwa barabara, na huna haja ya kupitia Melbourne. Wa Mildura pia, Bendigo iko njiani mnaposhuka jijini.

Unatoka Adelaide kwa gari: Ararat na Ballarat ziko kwenye barabara kuu ya Melbourne. Ukiwa na siku ya ziada, pinda kusini ulale Robe, kisha asubuhi uendeshe kuelekea Ararat ukifuata upande ule ule walioelekea wao. Nilifanya hivyo mara moja na wanangu. Tulizima redio.

Ulishakimbia vita kwa miguu na hutaki kelele: Ararat, siku ya kawaida ya wiki, peke yako au na mtu mmoja unayemwamini.

Na kama ratiba yako inaangukia Pasaka, nenda Bendigo, hata kama ulishapanga Ballarat. Tafuta chumba miezi kadhaa kabla, kwa sababu mji unajaa. Siku ya maandamano fika barabarani mapema, umbebe mtoto begani, na usogee mpaka mbele kabisa. Chini ya Dai Gum Loong utaona miguu ya vijana wengi wakipokezana kumbeba, wenye asili ya China na wasio na asili hiyo, na baruti zitakapoanza kulia mzibe mtoto masikio.